Kwani Hapa Unakosa Nini?

Shangazi, shikamoo.

Nakuamkia kwa heshima ya safu, maana kwa umri huenda tunatoshana. Mimi ni nesi, nina miaka 51, na makao yangu ni Voi. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kanisa na shamba, asiyekunywa wala kuinua mkono. Nayasema haya mapema usije ukadhani barua hii inamshtaki.

Mwaka jana nilitumwa Nairobi kwa mafunzo ya kazi. Siku ya kurudi nikapitia kwa wale wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandaza mali chini kando ya njia, ambao wenyeji huwaita "inama". Nikainama. Nikainuka na Mills & Boon, kile kitabu chembamba cha mapenzi, cha madaktari na manesi. Mara ya mwisho nilivisoma hivyo bwenini, tukikichana kimoja vipande vipande ili wasichana watano wakimalize kwa zamu kabla matroni hajazima taa. Nilikinunua kwa kicheko tu, nipate cha kushika kwenye treni.

Shangazi, tulipotangaziwa Mtito Andei ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimefungua chakula changu.

Mwanamke wa kitabuni ana miaka 49. Ni nesi wa wodi ya uzazi katika mji mdogo wa pwani huko Uingereza, mjane, mwenye kijana chuoni ambaye hampigii simu ila akiishiwa. Magoti yanamlia akipanda ngazi. Anaisaka miwani ilhali ameipandisha kichwani. Kuna mahali yuko zamu ya usiku, lile joto la kukoma kwa hedhi likampanda ghafla. Akaingia chumba cha dawa, akafungua jokofu la chanjo, akatia uso ndani. Nilicheka peke yangu hadi abiria wa mbele akageuka. Jambo hilo nimelifanya mimi, na sijapata kumwambia mtu. Mwandishi huyu alipashwa na nani?

Baadaye anatokea daktari wa watoto, mgeni mjini, miaka 53, upara umeshaanza kubisha. Hawakutani kwenye meli ya kifahari. Wanakutana kwenye chai ya saa tisa za usiku, kila mmoja amechoka. Wanabusiana, ndiyo. Lakini kilichonimaliza si hicho. Kuna mtoto mgonjwa, hawaelewi ana nini, na daktari anamgeukia yule nesi na kumuuliza, "Wewe unaonaje?" Kisha ananyamaza. Anangoja. Nesi anababaika, anaanza, anaacha, anaanza tena, na daktari bado anangoja, ukurasa mzima, hamkatizi wala haangalii saa. Ukurasa huo nimeurudia mpaka kitabu kikiachiwa kinafunguka hapo chenyewe.

Sasa matatizo yangu. Kitabu nilikivisha karatasi ya kaki kama daftari la mwanafunzi, lakini mume wangu alikivuta chini ya mto, akasoma maneno ya nyuma, akaangua kicheko: "Mama mzima na vitabu vya wasichana wa bweni!" Nikacheka naye. Zikapita siku kadhaa amenyamaza nyamaza. Halafu usiku mmoja, mezani, bila kuniangalia: "Kwani hapa unakosa nini?" Sikupata jibu. Niliinuka nikatoa vyombo.

Binti yetu anasomea fasihi chuo kikuu. Alipokuja likizo akakiona mkobani mwangu, na yeye hakucheka kabisa. Alinihutubia. Kwamba vitabu hivyo hutengenezwa kiwandani kama sabuni. Kwamba wanawake wake wote ni Wazungu. Kwamba mwisho ni ule ule tangu bibi yake hajazaliwa, na kwamba vinamwaminisha mwanamke kuwa dawa ya kila shida yake ni mwanamume. Karo yake nimeilipa mimi, Shangazi, na kwa kweli anajua kusema. Nilibaki sina la kujitetea.

Na la ndani zaidi ni kwamba nimeanza kumpima mume wangu. Akikoroma, nawaza kama yule daktari naye hukoroma. Akiniita kutoka chumbani nimwambie soksi ziko wapi, nakunja uso hata kabla sijaitika. Sivipendi hivyo ninavyowaza.

Je, ni aibu mtu wa rika langu kuvipenda vitabu hivi? Vitanivunjia nyumba? Mume wangu nimjibu nini? Na kama si aibu, nitavipata wapi vingine vya mwanamke wa umri wangu? Nilivyonunua baadaye vyote ni vya wasichana wa miaka 23 walioajiriwa na mabilionea.

Msomaji wa Siri, Voi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kama kweli tunatoshana basi leo nimepandishwa cheo bure.

Hili la aibu tulimalize haraka. Wewe uko Voi, safari ya saa chache kutoka pwani, na pwani mapenzi hayajawahi kuwa mali ya wasichana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipopanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri alikuwa anaukaribia umri wa miaka hamsini, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kuvuka bahari. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba mahaba mpaka ukongwe, na watu wakiinuka kumtuza. Bi harusi naye hufundwa na nani? Na somo, mwanamke mzima aliyeyaona. Sijasikia kijiji kilichomtuma binti wa miaka 20 akamfunde mwenzake. Kwa hiyo mwenye miaka 51 kuguswa na habari za mapenzi si kioja. Ni vitabu ndivyo vilivyochelewa kufika ulipo.

Na vimechelewa hata kwetu. Rosa wa Kezilahabi, katika riwaya iliyotoka mwaka 1971, ni msichana wa shule, na tunajua yaliyomkuta. Yasmin wa Shafi Adam Shafi ni binti mdogo aliyeozwa kwa mtu mzima kupita kiasi. Riwaya zenye uzito, zisomwe. Lakini ndani ya vitabu vyetu vingi mwanamke wa miaka hamsini huingia akiwa mama mkwe, jirani mmbeya, mganga, au shangazi mwenye maneno mengi. (Hilo la mwisho sitalijadili.) Anaingia kumshauri msichana au kumharibia, halafu anaondoka jukwaani kwenda kupika. Wewe umesoma kitabu kizima ambamo kamera haikumwacha. Si ajabu ulisahau chakula.

Huko Uingereza nako haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na miaka ya mwanzo ilichapisha vitabu vya kila namna; ilijikita kwenye mapenzi miaka ya 1930. Wenzao wa Kanada, Harlequin, walianza Winnipeg mwaka 1949, wakaja kuwanunua Waingereza hao mwaka 1971. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa moja: binti mbichi, karani au nesi mwanafunzi, na bwana aliyempita umri, pesa na ukali. Hivyo ndivyo mlivyokuwa mkivichana bwenini. Mnamo 1981 Wamarekani wakaanza kutoa mfululizo wa wanawake walioachika au kufiwa, waliokuwa wakipewa nafasi ya pili. Mwaka 2005 Harlequin nayo ikaanzisha mkondo wa wanawake ambao ujana umeshawapita, ukiitwa NEXT. Haukudumu. Wanawake wa umri wako wakarudi kujipenyeza kwenye mikondo mingine, na mlango wao mzuri ni huo wa hospitali ulioukuta wewe, kwa sababu wodi haiendeshwi na mabinti wa miaka 23. Wodi inataka sista aliyeshika zamu miaka 25 na anayejua daktari gani hukosea dozi.

Tuje kwa binti yako, ambaye nampenda bila kumwona. Kuhusu Wazungu hajakosea. Waandishi na wahusika weusi katika vitabu hivi wamekuwa wachache kwa muda mrefu. Nigeria walijaribu kujibu mwaka 2014 kwa kampuni ya vitabu ya Ankara Press, mapenzi ya Waafrika yaliyoandikwa na Waafrika, ingawa humo pia anayetamba ni kijana wa mjini. Mwanamke wa Taita mwenye magoti yanayolia bado hajaandikwa, na mtu anayesomea fasihi nyumbani kwako hana kisingizio.

Kuhusu kiwanda amesema nusu. Ni kweli vitabu hivi hukatwa kwa kipimo: maneno kama elfu hamsini, kurasa zisizofika mia mbili, vikitoka kila mwezi kwa nambari, na mwezi ukiisha vinaondolewa rafu kupisha vingine. Ndiyo maana mnavipata kwa wingi chini kwenye "inama". Ni kweli pia kwamba mwisho unajulikana kabla hujanunua: hao wawili watapatana. Lakini muulize mwanao anasemaje kuhusu utenzi. Kila kipande mizani nane, vipande vinne, na kina cha mwisho kinarudi ubeti kwa ubeti mpaka tamati. Je, watunzi wa Lamu na Pate nao walikuwa wenye kiwanda? Mtu akishakubali umbo, swali linahamia ndani: umelijaza nini? Wewe hukusoma ili ujue kama nesi atampata daktari. Ulijua tangu stesheni. Ulisoma ujue mwanamke aliyezoea kupokea maagizo usiku kucha ataweza vipi kuulizwa.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Janice Radway, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na kina mama wa mji mmoja wa huko waliokuwa wasomaji wakubwa wa vitabu hivi. Alikuwa na wasiwasi kama wa binti yako, na hakuuficha. Lakini alichokuta ni kwamba wengi hawakuanza kwa kuzungumzia mabwana wa vitabuni. Walizungumzia kitendo chenyewe cha kusoma: kwamba kitabu kikiwa mkononi, hapo mtu haitwi mama wala mke, na nyumba nzima inaelewa kwamba kwa saa hiyo hayupo. Kina mama wale walihudumia watu kutwa, na kusoma ndiko kulikokuwa kujihudumia. Mpe mwanao hilo alitafune. Ninavyomdhania, atakwenda maktaba.

Sasa kumpima mume. Huyu daktari wako ana faida ambazo hakuna mume aliye nazo: anaishia ukurasa wa mia na tisini. Hana karo, hana mkopo wa sako, hana mama anayeumwa kijijini, na mwandishi amemwondolea soksi. Hata ukimleta Voi, kufikia Januari atakuita kutoka chumbani. Usimpimishe mtu aliye hai na mtu aliyehaririwa.

Lakini isome tena barua yako. Busu umelipa maneno mawili. Kule kuulizwa na kungojwa umekupa aya nzima, na kitabu kimeshavunjika mgongo mahali pale pale. Sioni mwanamke anayetaka daktari. Namwona mwanamke ambaye kazini anasema "ndiyo, nakuja", nyumbani anasema "ziko droo ya chini", na kanisani anasema "chakula tutapika sisi", na katika hayo yote hakuna aliyekaa kimya kusikiliza anaonaje. Hicho ndicho kitabu kilichokuonyesha, na kama kingekuwa kitabu cha dini au cha siasa usingeniandikia barua ya kujilaumu.

Kwa hiyo swali la mume wako lina jibu. Na ni swali zuri, ingawa lilitoka vibaya. Mwanamume anayecheka kwanza, halafu akanyamaza siku kadhaa, halafu akauliza akiangalia sahani, si mkali. Ana hofu. Amesoma nyuma ya kitabu kwamba kuna daktari, na yeye ni mwalimu wa hesabu. Hesabu ameshaipiga na jibu halikumpendeza. Wewe ulipoinuka kutoa vyombo, kwake hilo lilikuwa jibu.

Usimpe kitabu kizima. Atakisoma kwa kalamu nyekundu. Mngoje Jumamosi, mkiwa shambani mmekaa kivulini, si chumbani usiku na si mbele ya mtoto. Kifungue panapofunguka. Msomee ukurasa ule mmoja, umtafsirie kwa lugha mnayotaniana nayo, Kitaita au Kiswahili, kisha umwambie: "Uliniuliza nakosa nini. Hiki." Basi. Usiendelee na "wewe huniulizi kamwe", maana hapo mtaanza kesi ya miaka yote na ukurasa utasahaulika. Kama unaweza, mtajie jambo moja ambalo ungetaka kuulizwa. Yako mengi katika umri wenu: mtaishi wapi mkishastaafu wote wawili, lile shamba litapandwa nini, kijana gani asaidiwe na yupi aachwe ajitegemee. Pengine yote hayo huwa anayaamua akidhani anakupunguzia mzigo.

Halafu mwache. Asipojibu pale pale usimfuate. Nakutahadharisha pia kwamba walimu wa hesabu wakishaelewa kanuni huitumia kupita kiasi. Anaweza kuanza kukuuliza unaonaje kuhusu chumvi, kuhusu mbwa, kuhusu taarifa ya habari. Mvumilie, atapoa.

Nawe umuulize. Kwenye barua yote umeniambia mzee huyu hanywi, hapigi, anakoroma, na haoni soksi. Anaonaje kuhusu lolote, hukuniambia. Yule nesi wa kitabuni naye, nina hakika, kuna ukurasa alimngoja daktari.

Yakishindikana, yaani ukimsomea na akakejeli, au ukajikuta unakimbilia vitabu ili usimwone mtu, niandikie tena, hiyo itakuwa barua nyingine. Kwa uliyonieleza sioni dalili zake.

Kuhusu kuvipata. Jalada la nyuma aghalabu halitaji umri, kwa hiyo tafuta alama: mjane, aliyeachika, mtoto aliye chuoni au anayeoa, mwanamke anayerudi kazini au anayerudi mji aliozaliwa, bibi anayelea mjukuu. Neno "bilionea", "sheikh" au "mwana wa mfalme" likiwa juu ya jalada, rudisha chini. Humo utamkuta yule yule wa miaka 23. Shikilia mkondo wa hospitali, na ukikutana na mwandishi aliyekujulia, andika jina lake, maana wengi wao huwa na vitabu kadhaa na wauzaji wa mtumba huvipanga kwa rangi ya jalada, si kwa jina. Kama mambo ya kitandani yanakukwaza, na hukuniambia hivyo ila umesema mzee ni mtu wa kanisa, Harlequin wana mkondo wa Kikristo, Love Inspired, tangu mwaka 1997. Humo wanashikana mikono na kusali. Mimi hunichosha mapema, lakini wapo wanaoapa kwao. Siku hizi vingi vinapatikana kwenye simu, na kwa macho yetu haya maandishi ya simu hukuzwa hadi miwani ikabaki kichwani.

Ile karatasi ya kaki ivue. Imeshindwa kazi yake tangu siku mzee alipoinua mto. Na umeniandikia barua ndefu hivi bila kunitajia jina la kitabu. Nitumie kwa njia ile ile, leo.